Dereva huyu apewe funguo? Namna ya kumpima dereva na kuisoma ajali kabla haijatokea

Ukifungua redio asubuhi hapa Nakuru, habari ya ajali huja na sentensi ileile: dereva alishindwa kulidhibiti gari, likapoteza mwelekeo. Sentensi hiyo si uongo, ila haielezi kitu. Ni kama kusema marehemu alikufa kwa sababu moyo ulisimama. Mimi husimamia lori mbili na matatu nne za njia ya Nakuru na Kisumu, na kazi yangu huanzia pale redio inaponyamaza: alishindwa kwa nini, na nani alikuwa na nafasi ya kuliona jambo hilo mapema?

Ninayoyaandika hapa yanamfaa mwenye gari moja sawa na mwenye kumi, karani wa sako (chama cha wenye matatu), mwalimu anayesimamia basi la shule, hata familia inayokodi matatu ya kupeleka watu matangani. Si lazima uwe daktari wala polisi. Unahitaji daftari, tepu ya fundi cherehani, na subira ya kumsikiliza mtu ambaye hana hamu ya kukwambia ukweli.

Karatasi kwanza, na upesi

Usiridhike na kadi ya leseni unayoonyeshwa. Hakikisha imo kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kisha angalia daraja. B ni gari dogo. Lori huanzia C1, na trela ni CE. Matatu ya abiria 14 ni D1, basi la kati ni D2, basi kubwa D3. Aliyeendesha lori la mahindi miaka kumi bado hajawa dereva wa abiria. Ni kazi nyingine, yenye kelele nyingine.

Kisha piga simu kwa waajiri wawili wa nyuma. Usimtegemee yule wa mwisho peke yake, maana wa mwisho huenda anamsifu ili aondoke. Uliza swali moja tu: ungempa gari leo aende usiku? Jibu likichelewa, umeshalipata.

Mwili: yale unayoweza kuyaona mwenyewe, na ya daktari

Fanya hivi siku tulivu, si siku ya safari, na mweleze dereva mapema kwamba hatafukuzwa kwa sababu ya ugonjwa. Bila ahadi hiyo utapewa majibu ya mtihani, na hayatakusaidia.

Anza na macho. Egesha gari mchana, pima mita 20, mwambie asome namba ya gari. Ndicho kipimo cha Uingereza kwa kila anayetaka leseni, na hakigharimu hata shilingi. Ila Waingereza huacha macho yote mawili wazi. Mimi naongeza jicho moja moja, nikiwa nimeliziba jingine. Hapo ndipo utakutana na mtu mwenye mtoto wa jicho upande mmoja ambaye amekuwa akiishi kwa jicho la pili miaka mitatu, na mwenyewe hajui. Halafu simameni mkitazamana, umbali wa mkono ulionyooshwa, kila mmoja aangalie pua ya mwenzake. Nyoosha mkono wako pembeni, chezesha vidole, ulete taratibu katikati. Wewe ukiviona naye haoni, uwanja wake wa macho umepungua. Dereva wa namna hiyo ataiona taa ya mbele vizuri sana, lakini bodaboda inayotokea ubavuni hataiona. Mpeleke kwa wataalamu wa macho. Huku magharibi wengi huenda Sabatia, kule Vihiga.

Presha hupimwa akiwa ameketi na kupumzika dakika tano. Huko Uingereza, anayeendesha lori kubwa au basi husimamishwa presha ikifika 180 kwa 100 au zaidi, mpaka ishuke. Sisi tumeukopa mstari huo. Kwa mwenye kisukari, hasa anayejidunga insulini, hatari kubwa barabarani ni sukari kushuka kuliko kupanda: mtu huanza kutokwa jasho, kuchanganyikiwa, kuendesha kama mlevi. Apime kabla ya kuondoka. Ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L) ale kwanza. Ikiwa chini ya 4 asiguse usukani mpaka ipande na dakika 45 zipite, kwa sababu ubongo huchelewa kurudi hata baada ya kipimo kurudi. Awe na peremende mahali mkono unafika, si kwenye begi juu ya keria.

Kifafa hufichwa kuliko ugonjwa wowote, na ninaelewa kwa nini. Aliyewahi kuanguka, hata mara moja, aende kwa daktari kabla ya kurudi kazini. Kama usukani haumfai, mtafutie kazi nyingine: kupakia, stoo, tiketi. Ukimfukuza tu, kesho atakuwa anaendesha gari la mwingine kwenye barabara hiyohiyo unayopita wewe.

Tepu ya fundi cherehani ni ya shingo. Mwanamume mwenye shingo inayozidi sentimita 40, anayekoroma mpaka chumba cha pili, anayeamka amechoka, na mwenye presha, huenda koo lake hujifunga usiku na pumzi kukatika mara nyingi. Analala kwa muda wa saa nane na bado hajalala. Ugonjwa huo unatibika. Mke wake atakueleza kwa dakika mbili yale ambayo yeye hajawahi kuyasikia.

Na dawa. Piriton, dawa nyingi za mafua na za kikohozi, baadhi ya dawa za maumivu makali: zote huleta usingizi. Dereva aliyemeza piriton asubuhi kwa sababu ya vumbi la Naivasha hajioni kama amekunywa kitu.

Usingizi, ambao ndio nusu ya kazi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wenye magari wengi hujidanganya.

Mtu aliyekaa macho saa 17 huanza kufanya makosa kama ya mtu aliyekunywa pombe kiasi. Akifika saa 24 bila kulala, ni sawa na aliyepita kiwango cha sheria katika nchi nyingi. Tofauti ni kwamba mlevi hunuka na polisi ana mashine ya kumpulizisha. Usingizi hauna mashine pale kizuizini.

Mwili una mabonde mawili kila siku: saa nane usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri, na bonde dogo saa nane mpaka saa kumi alasiri. Ajali ya Migaa ya tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua watu 36, na ile ya Fort Ternan ya tarehe 10 Oktoba 2018, iliyoua zaidi ya 50, zote zilitokea alfajiri. Sisemi usingizi ndio uliozisababisha. Ninasema ukipanga safari kupitia saa hizo umeongeza mzigo ambao haupo kwenye bodi ya gari.

Kwenye bonde hilo huja usingizi mfupi ambao mwenye nao hajui kuwa amelala. Sekunde tatu, nne. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90, karibu urefu wa kiwanja cha mpira, na hakuna mtu kwenye usukani.

Namna ya kupima: andika saa 72 za nyuma. Usiulize "umelala vizuri?" Kila dereva tangu dunia iumbwe amelala vizuri. Uliza vitu vyenye saa. Jana ulifika nyumbani saa ngapi? Mlikula nini? Nani alizima taa? Uliamshwa na nini? Chora mistari kwenye daftari, usiku tatu. Usiku mbili mfululizo chini ya saa sita za usingizi, mimi simpi njia ndefu.

Kipo pia kipimo cha maswali manane kilichotoka hospitali ya Epworth, Melbourne, kinachouliza uwezekano wa kusinzia ukiwa umeketi unasoma, unatazama televisheni, umekaa kama abiria saa nzima, umesimama kwenye foleni ya magari. Kila swali hupewa alama 0 mpaka 3. Jumla ikizidi 10, daktari amuone. Dereva akijijazia mwenyewe atapata alama mbili. Mpe utingo au makanga ajaze kuhusu dereva wake. Makanga ndiye anayejua ni nani hupiga miayo kuanzia Kedowa.

Miraa na muguka havileti nguvu. Vinazuia mtu kusikia kwamba nguvu zimeisha, na vinapoisha usingizi huja na riba yake. Kahawa husaidia ukijua saa yake: inywe, kisha lala dakika 15 au 20 pembeni ya barabara, ukiamka ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi. Kushusha kioo, kuongeza muziki na kujimwagia maji ni kuuchelewesha usingizi kwa kilomita chache tu.

Pombe nitaisema kwa hesabu. Chupa ya nusu lita ya bia ya kawaida huchukua mwili zaidi ya saa mbili kuiondoa. Aliyeanza saa mbili usiku akanywa tano, damu yake husafika karibu saa mbili na nusu asubuhi. Kuoga na chai ya rangi havibadilishi kitu. Anayetoka steji saa kumi na moja alfajiri bado yuko kwenye chupa ya nne. Chang'aa siwezi kukupigia hesabu, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo.

Kaa naye kwenye gari, hasa anaposhuka

Siku moja panda naye bila mzigo wa maneno. Kaa kiti cha mbele na uangalie mikono. Je, anaangalia kioo kabla ya kuhamia upande, au baada? Anaacha pengo kiasi gani mbele yake? Hesabu: gari la mbele likipita nguzo, anza kuhesabu; yeye asiifikie nguzo hiyo kabla ya sekunde tatu, na mvua ikinyesha sekunde sita. Simu ikilia anafanya nini? Anayeongea na simu huongeza uwezekano wa ajali mara nne hivi, hata kama simu iko kwenye spika.

Mtihani wenyewe uko kwenye mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa. Hapo utaona kama dereva amefundishwa au amejifundisha. Wengine huweka nyutro na kuliachia, wakiamini wanaokoa dizeli. Ukweli ni kinyume. Injini za kisasa zikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali ya mafuta hukata mafuta kabisa. Kwenye nyutro ndipo huendelea kunywa ili zisizime. Kwa hiyo anahatarisha maisha ya watu ili apoteze mafuta. Nimewaonyesha madereva wetu jambo hili kwa risiti za pampu, na risiti ziliwashawishi kuliko hotuba zangu zote.

Kanuni ya kushuka ni ya wazee: shuka na gia uliyopandia, au ya chini yake, na uichague kabla ya mteremko kuanza, maana katikati huenda isiingie. Breki usiikalie. Kandamiza mpaka mwendo upungue kilomita nane hivi kwa saa, achia kabisa, acha injini ishike, gari likirudi kwenye mwendo uliouchagua kandamiza tena. Breki inayokaliwa hupata moto, na breki yenye moto haishiki hata ukisimama juu ya pedali. Ukisikia harufu ya kitambaa kilichoungua, usimalize mteremko. Tafuta mahali pa kusimama sasa.

Andika njia nzima kwa namna hii, kipande kwa kipande. Mau Summit ni ukungu. Kericho ni mvua ya alasiri na majani ya chai yaliyodondoka lamini. Kutoka Kapsoit kushuka Awasi ni mteremko mwingine ambao watu huusahau kwa sababu hauna jina baya kama Salgaa. Awasi mpaka Ahero ni trekta za miwa zisizo na taa jioni, na ng'ombe. Kisumu ni bodaboda na tuktuk kila upande. Dereva mgeni asipewe njia hii usiku kabla ya kuipita mchana mara kadhaa.

Dakika tano za steji

Saa kumi na nusu alfajiri, taa ya steji inawaka nusu. Dereva wetu mmoja, mtu mzima, makini, ambaye sijawahi kumshika na kosa, amekwisha washa injini. Zamani ningeuliza "uko sawa, mzee?" naye angesema "niko fiti, mkubwa," na angeondoka. Siku hiyo nikamuuliza jana walikula nini.

"Hatukula," akasema. "Mtoto alishikwa na homa. Tumetoka hospitali saa nane."

Akasema hivyo huku akifuta kioo, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Saa nane mpaka saa kumi: saa mbili za usingizi, na njia ya kilomita karibu 180 iliyoanza ndani ya bonde la alfajiri. Nikamwambia azime. Akaniuliza, "Na hesabu ya leo?"

Hilo ndilo swali la kweli la mwongozo huu wote. Kama jibu la ukweli linamkosesha mtu unga wa siku hiyo, kesho hutalisikia tena. Tulikubaliana: anayesema hajalala hulipwa nusu siku, alale, kisha achukue safari fupi ya mchana ikiwa ipo. Kwa mwezi hunigharimu kidogo kuliko taa moja ya mbele. Wachache walijaribu kuitumia vibaya. Madereva wenzao waliwanyamazisha kabla sijajua.

Kwa hiyo dakika tano zako ni hizi: mtazame macho na usikie anavyozungumza, uliza swali lenye saa, nusa, uliza dawa, kisha mzunguke gari pamoja, magurudumu, breki, taa, mikanda ya abiria. Ukimwona anaharakisha kuzunguka, rudieni.

Sasa jipime wewe

Kanuni za mwaka 2014 za uendeshaji wa magari ya abiria zinamzuia dereva kupita saa nane za usukani katika kila saa 24. Chukua ratiba yako uipige hesabu. Nakuru, Kisumu na kurudi, foleni, kungoja abiria: raundi moja inaenea. Raundi ya pili haiwezi, hata kwa dua. Ukimlipa kwa raundi, wewe ndiye uliyemwambia avunje sheria, ingawa hukufungua mdomo.

Uliza pia habari za skwodi, yaani dereva wa kushikilia. Dereva uliyempima macho na shingo huchoka saa saba mchana, akamwachia kijana wa steji safari iliyobaki wagawane malipo. Umempima mtu mmoja, gari linaendeshwa na mwingine. Mimi siku hizi naweka majina ya skwodi wawili ninaowajua, waliopita vipimo vilevile, na dereva huruhusiwa kuwaita bila kujificha. Marufuku nilijaribu, ilizaa uongo tu.

Daftari la chupuchupu

Usingoje ajali ili ujifunze. Kila tukio la kuponea chupuchupu liandikwe siku hiyohiyo, bila faini. Kisha ligawe kwenye vyumba tisa. Wazo ni la daktari Mmarekani William Haddon, ambaye aliliweka miaka ya 1960 na 1970: chora safu tatu, kabla ya kishindo, wakati wa kishindo, na baada yake, kisha nguzo tatu, mtu, gari, na mazingira. Faida yake ni kwamba chumba cha "mtu, kabla" hakiwezi kumeza lawama yote, kwa sababu vyumba vinane vingine vinakutazama vikiwa vitupu. Pale makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori liliwavamia watu waliokuwa kando ya barabara na kuua zaidi ya 50. Hata kabla ya kumgusa dereva, chumba cha mazingira kinauliza kwa nini soko na kituo cha abiria vilikuwa hatua chache kutoka kwenye lami ya barabara kuu.

Mfano wetu mdogo. Jioni, kabla ya Ahero, matatu yetu ilikwepa trekta ya miwa kwa upana wa kiganja. Mtu, kabla: dereva alikuwa kwenye saa ya tisa ya usukani. Gari, kabla: taa moja ya mbele ilielekea juu, tuliijua tangu Jumatatu. Mazingira, kabla: giza, trekta bila taa wala vibao vya kung'aa. Wakati: abiria watano hawakuwa wamefunga mikanda, wawili kwa sababu mikanda ilikuwa imefungiwa chini ya viti. Baada: hakuna aliyejua namba ya hospitali iliyo karibu, na kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa na plasta tatu na pamba.

Dereva nilizungumza naye dakika kumi. Mimi mwenyewe nilitumia wiki nzima: taa ilirekebishwa siku iliyofuata, mikanda ikatolewa chini ya viti, namba za hospitali za Ahero, Kericho na Molo zikabandikwa juu ya dashibodi, na raundi ya jioni ikaanzishwa mapema zaidi ili gari lipite Awasi jua likiwa bado juu. Kuhusu trekta, nimeenda mara mbili kwa wakulima nikiwa na mkoba wa vibao vya kung'aa. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili walichukua sita, wakauliza kama nina vingine.